Makochi ya Kuazima

Mratibu wa shirika alikalia ndoo. Kigoda pekee cha nyumba ile kilikuwa chini ya mguu wa Fundi, kikiuinua kama daktari alivyoagiza, na kitanda alikuwa amekilalia Fundi mwenyewe. Binti yake aliigeuza ndoo, akaifuta kwa pindo la gauni, akaisogeza mbali na jiko ili mgeni asipakwe masizi. Bibi, mama yake Fundi, alisimama mlangoni muda wote wa mazungumzo akiitazama ile ndoo.

"Nimewapendekeza nyinyi," mratibu alisema. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye faili mapajani na vumbi kwenye viatu vizuri. "Wageni watakuja Alhamisi saa nne. Watapiga filamu ya dakika sita. Itaonyeshwa kwenye hafla ya chakula hapa mjini, halafu itapelekwa nje. Wa hapa watachanga, wa kule watachanga, na kaya iliyoonekana kwenye filamu ndiyo itakayosaidiwa kwanza."

"Kwanza ni lini?" aliuliza Mama Sabuni, mke wa Fundi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alifua nguo za watu, nyumba hadi nyumba, siku sita kwa wiki.

"Hafla ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya hapo, wiki mbili."

Mama Sabuni alihesabu kimya. Mwezi mmoja ulikuwa umepita tangu Fundi aanguke kutoka ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akilijenga, mfupa wa paja ukakatika. Hospitali ingempasua bure, ila bamba la chuma la kuufunga mfupa lilikuwa juu ya mgonjwa, na bei yake ilikuwa sawa na ujira wa kufua wa miezi kumi na minne. Daktari alisema mfupa umepishana. Mwezi mwingine ukipita utashikana hivyo hivyo ulivyokaa, na bamba halitakuwa na kazi tena. Kutoka siku ile hadi wiki mbili baada ya hafla zilikuwa siku ishirini na sita. Zilitosha.

"Kwenye fomu nimeandika hitaji moja tu," mratibu aliendelea. "Bamba la mfupa na skrubu zake."

"Nane," Fundi alisema kutoka kitandani. "Skrubu nane. Nimefunga nondo za maghorofa matatu hapa mjini, dada. Nondo yangu mwenyewe ndiyo imenishinda."

Mratibu alicheka, kisha akaona kwamba wengine hawakucheka. Alifunga faili. "Jambo moja. Msibadilishe kitu. Kila kitu kikae kama kilivyo leo." Alitazama maboksi yaliyotandazwa sakafuni, na gunia lililofunika dirisha. "Wageni wanapenda kuona maisha yenyewe."

"Watakaa wapi?" Bibi aliuliza.

"Bibi?"

"Hao wageni. Ni wangapi?"

"Watatu. Na mimi wa nne."

"Ndoo ni moja."

"Watasimama, Bibi. Msijisumbue, wamezoea."

Bibi aliitazama tena ile ndoo. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, na katika miaka hiyo hakuwahi kumfungulia mgeni mlango wa chumba ambacho hakijatandikwa. Macho yake yalipoanza ukungu, walimpa shuka mbili na barua ya shukrani, wakamuaga.


Jumatano saa kumi na moja jioni Mama Sabuni alirudi kutoka kazini akadhani amekosea mlango. Kosa kama hilo lingewezekana, kwa kuwa nyumba ilikuwa na vyumba sita vilivyopangana na milango yote ilipakwa rangi moja. Lakini aliyekuwa ndani alikuwa mumewe, amenyolewa ndevu, amejinyoosha kwenye kochi la rangi ya maziwa, mguu wa plasta ukiwa umeegemezwa kwenye mto. Kochi la pili lilikuwa mkabala. Katikati palikuwa na meza ya kioo juu ya zulia. Maboksi hayakuwapo, wala gunia la dirishani. Kitanda kilikuwa na godoro nene na moja ya zile shuka mbili, imevutwa mpaka haina kunyanzi hata moja. Ukutani, ambako jana palining'inia sufuria, palisimama kabati la vioo lenye vikombe sita vya aina moja.

"Mama, hivi ni vitu gani?"

"Vya jirani," Bibi alisema. Alikuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Nimeazima. Kesho jioni vinarudi."

Jirani alikuwa Mama Mitumba, wa chumba cha pili. Aliuza nguo kuukuu sokoni, na kwa miaka tisa alinunua vyombo vyake kimoja kimoja kutoka kwa watu waliokuwa wakihama.

"Yule msichana alisema tusibadilishe kitu."

"Alisema kwa adabu. Mgeni akikwambia usijisumbue, ndiyo unakwenda kulala?"

"Wanatafuta maskini, mama. Hawa watu kazi yao ni hiyo."

"Wanakuja kumwona mwanangu. Mfupa umevunjika ama haujavunjika? Picha ya eksirei hiyo hapo dirishani, waitazame. Kochi halijui habari za mfupa."

Mama Sabuni alimgeukia mumewe. "Na wewe umenyamaza."

"Nimekaa," Fundi alisema. "Wiki nne nzima sijakaa." Alipapasa mkono wa kochi kama anayepima ukuta uliopigwa lipu. "Mke wangu, kila anayeingia humu ananitazama akiwa amesimama, kama ananiaga. Kesho nataka mtu anitazame akiwa amekaa."

Mama Mitumba aliingia bila kubisha, kapu la nguo kichwani. "Nimekuja kuvijulia hali vitu vyangu. Fundi, huo mguu wako usinitoboe kochi."

"Plasta ni laini kuliko ulimi wako."

"Ulimi wangu ndio unakulalisha pazuri leo. Huyu mama yako ana maneno matamu, alianza kuomba kochi moja, nikashtukia nimetoa mpaka godoro. Mimi na wanangu usiku wa leo ni turubai la biashara." Alimtazama Mama Sabuni. "Mbona umesimama mlangoni kama mdai? Kaa basi."

Kuvirudisha vyote kungehitaji watu wawili na muda wa saa moja. Miguu ya Mama Sabuni ilikuwa imevimba kwa kusimama kwenye maji tangu asubuhi. Alijua kwamba ni kosa, na alijua kwa nini ni kosa. Alikaa. Baadaye, kila alipotaka kumlaumu mama mkwe wake, hilo lilimrudia: kwamba alijua, na alikaa.


Wageni walikuwa mzee wa kigeni mwenye mvi, mwanamke wa hapa aliyekuwa mjumbe wa bodi ya shirika, na mpiga filamu. Walipoingia, mratibu alisimama kizingitini. Uso wake ulibadilika, kisha akaurudisha ulivyokuwa.

Bibi aliwakaribisha mmoja mmoja, akawaonyesha pa kukaa, akamimina chai kwenye vile vikombe sita. Mjumbe wa bodi alipitisha kiganja kwenye mkono wa kochi.

"Kochi zuri. Mlinunua wapi?"

"Karibu sana," Bibi alisema. "Sukari imetosha?" Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwambia mgeni kwamba anacholalia ni cha mtu mwingine, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo.

"Ni vya jirani," Mama Sabuni alisema. "Vyote. Tumeazima jana."

Mjumbe wa bodi alitabasamu bila ubaya. "Kila nyumba tunayoingia, mama, kizuri huwa ni cha jirani."

Mpiga filamu alikuwa bado hajafungua mkoba wake. Alimsogelea mratibu. "Hapa hapana picha," alisema kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia. "Nikielekeza kamera huku, kabati. Nikielekeza kule, zulia."

Mzee wa kigeni alikwenda dirishani akaiinua ile eksirei kwenye mwanga. Aliitazama kwa muda, kwa heshima, kisha akauliza kitu.

"Anauliza," mratibu alisema huku akitazama sakafu, "kama mmefikiria kuuza baadhi ya vitu."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kueleza alivyoanguka, ubao gani uliteleza, nani alikuwa ameufunga. "Mwambie si vyetu," alisema.

Mratibu alitafsiri. Mzee alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefundishwa kuvumilia.

Walikaa dakika kumi na mbili. Walipotoka, mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mama Mitumba hakwenda sokoni siku ile, alitaka kuona jinsi mambo yatakavyokuwa. Wanawe wawili walikuwa wamelala kifudifudi juu ya turubai, wakiandika kazi za likizo. Zaidi ya turubai, jiko na marundo ya nguo, chumba kilikuwa kitupu, na ukutani zilionekana alama za weupe mahali vyombo vilipokuwa. Mpiga filamu alisimama. Akafungua mkoba.

Kuta za nyumba ile hazikufika darini. Fundi na watu wake, wakiwa wamekaa kwenye makochi, walisikia kila neno.

"Unalala wapi, mama?"

"Hapo kwenye turubai."

"Na watoto?"

"Hapo hapo."

"Godoro?"

"Kwa sasa halipo."

"Baba yao?"

"Alikwenda kutafuta kazi. Mwaka wa tano huu."

"Ukipata msaada ungependa nini?"

"Mtaji," alisema Mama Mitumba.

Kila jibu lilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza habari za juzi. Walipiga filamu kwa muda wa dakika arobaini, na kwa muda huo wote Bibi alisuuza vikombe.


Jioni Mama Mitumba alikuja akabaki amesimama. Safari hii hakuwa na utani.

"Niliulizwa, nikajibu," alisema.

"Tumesikia," Mama Sabuni alijibu.

"Ningesema vitu vyangu viko kwenu?"

"Ungesema hivyo."

"Wewe ulisema. Walikuamini?"

Binti aliacha kufagia.

"Mratibu anarudi Jumamosi kujaza fomu," Mama Mitumba aliendelea. "Halafu kuna kukaguliwa tena. Naomba vitu vikae hapa kwenu mpaka mambo yaishe. Tafadhali. Nikivirudisha, mimi nitakosa na nyinyi hamtapata. Vikibaki, nikipewa hizo pesa, kitu cha kwanza ni chuma cha Fundi. Chuma kwanza, mtaji baadaye. Naapa mbele ya mama huyu."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Walikuwa majirani wa miaka saba. Mwaka juzi alimjengea jiko la matofali bila malipo, na Mama Mitumba alimvalisha binti yake sare ya shule miaka miwili mfululizo kwa bei ya kutupa.

"Chuma kwanza," Fundi alisema.

"Kwanza kabisa."

Kwa hiyo makochi yalibaki. Binti aliamriwa asiyakalie na nguo zenye unyevu. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi iliyochelewa, alichungulia ndani, akatazama kabati, akatazama zulia, akasema hajawahi kuona mdaiwa anayekaa pazuri kiasi kile. Akawapa siku tatu badala ya wiki mbili walizozoea. Mama Sabuni aliuza pasi ya umeme waliyompa kwenye nyumba moja aliyofulia. Wakabaki na ile ya mkaa.


Jumamosi ya hafla, adhuhuri, Mama Mitumba aliingia na magauni matatu mkononi, akayatupa kitandani.

"Mratibu kasema nivae nguo za kila siku. Hizi ndizo zangu za kila siku, kaziona, kasema hapana. Zinang'aa mno." Alimtazama Mama Sabuni, kisha akayahamisha macho. "Lile gauni lako la kufulia."

"Limechanika kwapa."

"Ndiyo."

Mama Sabuni alilitoa kwenye kamba. Lilikuwa limefuliwa asubuhi, na ukavu wake ulikuwa wa mabaka. Bibi alilipokea njiani, akalitandaza juu ya meza ya kioo juu ya blanketi, akaanza kupuliza mkaa kwenye pasi. Hakuambiwa na mtu. Nguo ilikuwa inakwenda kwa watu.

"Bibi, usipige pasi," Mama Mitumba alisema.

"Lina kunyanzi."

"Naijua. Liache nalo."

Bibi alisimama na pasi mkononi, macho yake yenye ukungu yakimtafuta aliyesema. Kisha akaiweka chini, akaenda kukaa nje kwenye ndoo.

Asubuhi ya pili Mama Mitumba alisimulia. Watu mia tatu walikula. Filamu ilionyeshwa, wengine wakafuta machozi. Ikatangazwa kwamba lengo la mwaka limevukwa kabla hata ya kuhesabu ahadi za kutoka nje. Yeye alipandishwa jukwaani, wote wakasimama wakapiga makofi.

"Nilitaka kusema habari za chuma. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Mratibu akaninong'oneza niseme asante tu, muda umekwisha."

"Ukasema nini?" Fundi aliuliza.

"Nikasema asante."


Msaada ulifika siku ya thelathini na tatu tangu mratibu akalie ndoo, kwa lori. Wapakuzi walishusha makochi mawili mapya, meza, kabati, kitanda na magodoro matatu, kila kitu kikiwa na kibandiko cha shirika. Mama Mitumba alimshika mratibu mkono.

"Nilisema mtaji."

"Shirika halitoi fedha mkononi, mama. Bodi inaangalia filamu, inatoa kulingana na upungufu ulioonekana." Mratibu alimpa karatasi ya kutia sahihi. "Hapa unakubali kwamba hutaviuza. Tutapita kukagua baada ya miezi sita."

Mama Mitumba alitia sahihi. Siku hiyo hiyo alimleta dalali kwa Fundi ayaone makochi ya zamani, ambayo hayakuwa na kibandiko. Dalali aliyabonyeza, akanusa, akapindua moja kuangalia chini, akataja bei.

"Hizo ni skrubu mbili," Fundi alisema.

"Skrubu gani?" dalali aliuliza.

"Hakuna. Nenda tu, bwana."

Hata angelipa bei ya bamba zima isingekuwa na maana. Siku mbili kabla, Fundi alikuwa amebebwa kwa mkokoteni hadi hospitali, plasta ikakatwa, ikapigwa picha nyingine. Daktari aliinua picha mbili kwenye mwanga, ya zamani na mpya. Mfupa umeshika, alisema. Umeshika vibaya, lakini umeshika. Mguu huu utakuwa mfupi kwa vidole vinne. Mama Sabuni aliuliza kama sasa bamba lingefaa. Daktari alieleza kwamba sasa ingebidi kuuvunja upya, na kazi hiyo haifanyiki hapa. Fundi aliuliza kama atapanda ngazi. Daktari aliuliza ngazi ya namna gani. "Ya ujenzi," Fundi alisema, na daktari akaanza kuandika.

"Basi vikae huku," Mama Mitumba alisema dalali alipoondoka. Alisema akiwa nje, hakuvuka kizingiti. "Kule kwangu hapana nafasi tena. Makochi, zulia, kabati, vyote. Mimi sina kingine cha kuwapa."

Hakuna aliyemwambia asante, na yeye hakungoja aambiwe.


Miezi sita baadaye mratibu alikuja kukagua. Alihesabu vibandiko kwa Mama Mitumba, akaandika, akatoka. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi, na kupita bila salamu kusingekuwa uungwana.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu ndani, mwanangu. Karibu ukae."

Fundi alikuwa kwenye kochi, akichonga mwiko wa mbao kwa kisu. Miiko aliiuza sokoni kupitia kwa binti yake, ambaye hakuwa tena shule. Fimbo ilikuwa kando yake. Mama Sabuni alikuwa kazini. Siku hizi hata Jumapili alikuwa kazini.

"Mguu unaendeleaje?" mratibu aliuliza.

"Umeshika."

"Mungu ni mwema."

Fundi alipuliza unga wa mbao kutoka kwenye mwiko, akauepusha usiangukie zulia. "Mwaka huu mnatafuta tena?" aliuliza.

"Tunatafuta. Kaya moja, kama kawaida." Mratibu alitazama kabati, meza ya kioo, kitanda kilichovutwa shuka. Mkono wake ulikuwa juu ya faili. Haukulifungua.

Bibi alimletea chai kwa kikombe chenye kisahani. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa kochi, akahakikisha kwamba mgeni ameegemea.

"Umekaa vizuri, mwanangu?"

"Nimekaa vizuri, Bibi."